Sheria ya Kazi na Haki ya Kukaa Mjini: Waajiri na Wafanyakazi wa Élisabethville

1. Utangulizi

Mjini Lubumbashi, mtu akisema kwamba ana kazi, msikilizaji haelewi tu kwamba ana shughuli ya kutenda. Anaelewa kwamba ana mwajiri na mshahara. Mama anayeuza makaa sokoni tangu alfajiri hadi jioni aweza kusema, bila mzaha, kwamba yeye hana kazi. Wanaisimu hulieleza jambo hili kama kufinyika kwa maana ya neno. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba maana hiyo ina historia yake katika sheria. Mjini Élisabethville, sheria zilizosimamia kazi zilisimamia pia haki ya Mwafrika ya kukaa mjini.

2. Mkataba na kifungo

Mji ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka Rhodesia. Mwaka huohuo iliundwa Bourse du Travail du Katanga, chombo cha kuandikisha watu vijijini kwa ajili ya Union Minière du Haut-Katanga na waajiri wengine. Kazi zilikuwa nyingi kuliko watu waliokubali kuzifanya, na serikali ililitatua tatizo hilo kwa sheria.

Dekreti ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mkataba wa kazi ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja, ilimlazimisha mwajiri kumpatia mfanyakazi wake chakula na malazi na kumtunza anapougua. Upande wa pili, ilifanya kuvunja mkataba kuwa kosa la jinai: aliyeacha kazi kabla ya muda wake aliweza kutozwa faini au kutiwa gerezani. Adhabu hizo zilidumu hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo hatuwezi kuuita mkataba huo mapatano ya watu wawili walio sawa.

3. Sheria moja, waajiri wa namna mbili

Sheria ilikuwa moja, lakini haikuwaelemea waajiri wote kwa uzito uleule. Union Minière ilikuwa na mali ya kutimiza masharti yake, tena ikayageuza kuwa njia ya kutawala. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilipendelea mikataba ya miaka mitatu, ikawakaribisha wake na watoto kambini. Nyumba, posho, hospitali na shule vilitoka katika mkono mmoja. Mkuu wa kambi, ambaye wafanyakazi walimwita changachanga, alifuatilia kazi ya mtu pamoja na nyumba yake. Aliyefukuzwa kazi alipoteza na paa la kulalia, kama ilivyoonekana wakati wa msukosuko wa uchumi mwanzoni mwa miaka ya 1930, watu wengi waliporudishwa makwao.

Mwenye duka, fundi wa kujenga na familia yenye boyi mmoja hawakuwa na kambi wala hospitali. Posho waliweza kuilipa kwa fedha. Boyi alilala katika chumba kidogo nyuma ya nyumba ya bwana wake. Kumchukua mtu kwa siku moja moja kulimpunguzia mwajiri mdogo mzigo, lakini kulimwacha mfanyakazi bila uhakika wa kesho. Tena usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katika mtaa wa Wazungu bila karatasi, na mara nyingi karatasi hiyo ilitoka kwa bwana.

Habari za watu hawa ni chache katika nyaraka za serikali. Ndiyo sababu twathamini sana «Vocabulaire de ville de Elisabethville», historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, kwa Kiswahili cha mji wenyewe, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Humo boyi ndiye msimulizi, na bwana ndiye anayesimuliwa.

4. Mji mikononi mwa mwajiri

Aliyetaka kuondoka katika utawala wa chifu wake kwa muda mrefu alihitaji hati, «passeport de mutation». Dekreti ya tarehe 23 Novemba 1931 ilipanga mitaa ya Waafrika mijini kuwa «centres extra-coutumiers», na asiye na kazi humo aliweza kurudishwa kijijini. Hivyo saini ya mwajiri ilikuwa na thamani kuliko mshahara, kwani ndiyo iliyomfanya mtu kuwa mkaaji halali wa mji.

Katika hali hiyo kudai nyongeza kulikuwa hatari kubwa. Mwezi wa Desemba 1941, bei zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Hesabu ya serikali ilitaja wafu 48, miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao. Vyama vya wafanyakazi Waafrika viliruhusiwa mwaka 1946 tu, tena chini ya uangalizi mkali.

5. Hitimisho

Sheria hizo zimekwisha. Code du travail ya mwaka 1967, kisha ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, zimeweka misingi mingine. Hii ya mwisho yasema kwamba aliyeajiriwa kwa siku, akitimiza siku 22 za kazi katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, mkataba wake huhesabiwa kuwa usio na kikomo. Yasema pia kwamba asiye na mkataba wa maandishi aweza kuuthibitisha kwa njia yoyote ya kisheria. Mwajiri asiyelijua hilo hujikuta mahakamani bila kutazamia. Mfanyakazi asiyelijua huondoka mikono mitupu.

Na wengi hawalijui, kwa sababu limeandikwa kwa Kifaransa. Tangu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoachishwa kwa mpango wa «départs volontaires», wengi wamo katika kazi za siku, hali ileile ya wale walioajiriwa na waajiri wadogo wa zamani. Wafanyakazi wa Élisabethville waliipokea sheria kwa lugha ya kigeni, wakajitungia maneno yao ya kuisemea: posho, boyi, changachanga. Sisi tunaosomea Kiswahili chuoni tuna deni kwao. Tuanze kulilipa kwa kutafsiri vifungu hivyo viwili, na kuvibandika mahali ambapo watu husubiri kuitwa kazini asubuhi.