Franka 5 za zahabu: sarafu ya Katanga ambayo wakaaji wa Katanga hawakuishika

Wandugu wasomi, leo ninawaletea kitu kidogo sana, cha gramu 13 na kidogo. Ni sarafu ya zahabu ya mwaka 1961. Upande mumoja iko na mkungu wa ndizi, upande wa pili iko na kroazeti, ule musalaba wa shaba ambao kila mutoto wa kwetu anaujua. Imeandikwa jina la Banque Nationale du Katanga, na bei yake: franka 5.

Katika katalogi kubwa ambayo wakusanyaji wa sarafu wa dunia nzima wanaitumia, mutaikuta chini ya jina «Katanga», katikati ya inchi zingine, sawa vile hakuna neno. Lakini munajua historia. Tshombe alitangaza uhuru wa Katanga tarehe 11 Julai 1960, mambo yakaisha Januari 1963, na katika muda huo wote hakuna serikali hata moja iliyoitambua. Umoja wa Mataifa ulikataa, Léopoldville ilikataa, hata Brussels, pamoja na musaada wote iliyoutoa, haikuweka sinyatiri. Wakusanyaji njo walikubali! Kwao, anayetoa sarafu na timbri za posta iko inchi, basi. Ninafikiri watu wa Élisabethville walilijua hilo vizuri sana.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana utamu uko pale. Franka ya Katanga ilianza ikiwa sawa na ya Kongo, na ile ya Kongo ilikuwa sawa na ya Ubelgiji: franka 50 kwa dola 1 ya Marekani. Kwa hiyo franka 5 ni senti 10. Lakini sarafu yetu ina gramu 13.33, na katika sehemu 1,000, sehemu 900 ni zahabu. Inatoa gramu 12 za zahabu safi. Wakati ule bei ya zahabu ilikuwa imefungwa kwenye dola 35 kwa aunsi moja, ndio gramu 31.1. Ukihesabu unapata dola 13 na nusu. Nani mwenye akili zake atapeleka sokoni kitu cha dola 13 na nusu, arudi na nyanya za senti 10?

Ndiyo sababu kulikuwa sarafu mbili za franka 5. Ile ya bronzi, yenye picha ileile, njo ilitembea mikononi mwa watu, pamoja na ndogo yake ya franka 1. Mufanyakazi wa Union Minière aliishika, mama wa sokoni aliifunga kwenye pembe ya kitenge. Ile ya zahabu ilitengenezwa kwa ajili ya mutu wa mbali, wa kuifungia ndani ya kasha. Katalogi inahesabu vipande 20,000. Zidisha kwa gramu 12: kilo 240 za zahabu. Na tena, katalogi haikuipa namba yake yenyewe. Iliipa namba ya ile ya bronzi, ikaongeza herufi «a» nyuma yake. Ninapenda hiyo herufi. Inasema wazi nani ni mukubwa na nani ni mudogo.

Sarafu mupya ya zahabu ikitoka, popote duniani, wakusanyaji wanaanza kubishana, na ubishi uko uleule kila mara. Kuna wale wa zamani, wanaouliza: ilinunua nini? Kama haikununua hata mukate, kwao ni medali iliyovaa nguo ya sarafu. Kuna wengine hawaangalii picha, wanaangalia mizani: gramu ngapi, zahabu leo iko ngapi. Halafu kuna wale wa majina, wanaotaka sarafu moja kutoka kila mahali palipowahi kuitwa inchi. Ya Katanga inawagonganisha wote watatu. Wa kwanza anachagua ile ya bronzi iliyochubuka, wa pili anaipima kama chuma kingine, wa tatu hawezi kulala mpaka aipate.

Miaka 6 baadaye, Afrika Kusini ilimaliza ubishi huo kwa namna yake. Mwaka 1967 ilitoa Krugerrand: aunsi moja kamili ya zahabu, imechanganywa na shaba ili isikwaruzike mbio, na haikuandikwa bei yoyote juu yake. Hakuna «rand 5», hakuna «rand 10». Bei yake ni bei ya zahabu ya siku ile. Lengo lilikuwa kuuza zahabu ya migodi ya kule kwa watu wadogo-wadogo wa inchi za mbali. Mwaka wa kwanza zilitoka 40,000 tu, na leo ile tarehe ya 1967 inatafutwa na wakusanyaji, ingawa ilitengenezwa pasipo kuwafikiria sana.

Serikali zilichanganyikiwa. Uingereza mwaka 1966 ilikuwa imekataza mukaaji wake kuweka zaidi ya sarafu 4 za zahabu zilizotengenezwa baada ya 1837, isipokuwa awe na ruhusa kama mukusanyaji wa kweli. Fikiria kazi ya yule karani wa benki: kuamua nani anapenda historia na nani anapenda zahabu! Marekani ilibana raia wake tangu 1933 mpaka siku ya mwisho ya 1974. Mulango ulipofunguliwa, Krugerrand iliingia kama maji, mpaka 1985 Reagan alipokataza isiingie tena, kwa sababu ya apartheid. Hapo hata mukusanyaji aliyesema «mimi siasa hapana» alilazimika kuuliza zahabu yake imetoka mikononi mwa nani.

Hilo swali njo linanirudisha kwenye kroazeti.

Mwaka 1957 na 1958, kabla tu ya uhuru, wataalamu walichimba makaburi ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Walikuta wafu wamelazwa na misalaba ya shaba. Katika makaburi ya zamani misalaba ni mikubwa na michache. Katika yale yaliyofuata, kuanzia karne ya 14 hivi, inakuwa midogo, mingi, yenye ukubwa unaofanana, na imewekwa karibu na mikono au kiuno cha marehemu. Wanahistoria wanasema hapo ilikuwa imegeuka feza. Yaani watu wa Upemba walikuwa na feza ya chuma, yenye kipimo, miaka 600 kabla ya Benki ya Taifa ya Tshombe, na hawakuhitaji muzungu awaonyeshe.

Sasa angalieni: Upemba ni inchi ya Baluba. Na mwaka 1961, mwaka ulioandikwa juu ya sarafu yetu, nani alikuwa anapigana na serikali ya Tshombe kule kaskazini? Baluba wa BALUBAKAT, chama cha Jason Sendwe. Na wengine walikuwa wamekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pale Élisabethville penyewe. Serikali iliyowafukuza ilichukua feza ya mababu yao, ikaipiga muhuri kwenye zahabu, ikaitandika pia kwenye bendera mara tatu. Mwaka huohuo, tarehe 17 Januari, Lumumba aliuawa katika udongo wa Katanga. Kuna wandugu wanaoweka picha ya hii sarafu kwenye profili yao kwa kujivuna. Sikatai, uzuri wake ninauona. Ila musome tarehe pia.

Léopoldville nayo haikubaki nyuma: mwaka 1965, kwa miaka 5 ya uhuru, ilitoa sarafu za zahabu zenye sura ya Kasavubu. Novemba 24 ya mwaka ule, Mobutu alimuondoa. Zile nazo ziko kwenye makasha ya watu wa mbali.

Ya bronzi ndiyo ninayoitafuta mimi. Kama nyumbani kwenu, Likasi, Kolwezi, Kipushi au Kamina, kuna muzee aliyeishika wakati ule, mumuulize franka 5 ilimununulia nini, na ilipokataliwa aliipeleka wapi. Mutuandikie hapa chini, na museme ni mutaa gani.