Saratani Kali ya Matiti: Jeni, Umetaboli na Umuhimu wa Kuwahi

Saratani ya matiti ni miongoni mwa magonjwa yasiyoambukiza yanayosababisha vifo vingi vya wanawake duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligundulika kuwa na ugonjwa huo, na watu 670,000 walifariki dunia. Nchini Tanzania, saratani hiyo inashika nafasi ya pili kwa wanawake baada ya saratani ya mlango wa kizazi.

Hata hivyo, si kila uvimbe hukua kwa kasi ileile. Makala haya yanaeleza kinachofanya baadhi ya saratani za matiti kuwa kali, na kwa nini jambo hilo lina uzito kwa mkazi wa Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya Kisiwa cha Mafia.

Jeni zinavyowashwa na kuzimwa

Karibu kila seli ya mwili hubeba vinasaba vilevile. Kinachotofautisha seli ya titi na seli ya ini ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Katika saratani, udhibiti huo huvurugika. Jeni iitwayo MYC, inayochochea seli kugawanyika, hufanya kazi kupita kiasi. Jeni ya TP53, inayozuia seli yenye kasoro isiendelee kuzaliana, huharibika. Jeni ya BRCA1, inayosaidia kukarabati vinasaba, inaweza kurithiwa ikiwa na hitilafu, au kuzimwa na alama za kikemikali hata kwa mtu asiyeirithi hitilafu hiyo.

Mabadiliko hayo huonekana zaidi katika saratani isiyo na vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala wingi wa protini ya HER2. Aina hii ni takribani asilimia 10 hadi 15 ya saratani zote za matiti duniani, lakini huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo na wenye asili ya Afrika. Dawa zinazolenga vipokezi hivyo haziwezi kuidhibiti. Hutegemewa zaidi upasuaji, mionzi na dawa kali za kuua seli za saratani.

Seli inavyobadili matumizi ya chakula

Katika miaka ya 1920, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alibaini kuwa seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapokuwepo. Njia hiyo hutoa nishati kidogo, lakini ni ya haraka na huipatia seli malighafi za kujenga seli mpya. Asidi inayotoka hudhoofisha kinga iliyo karibu na kuusaidia uvimbe kupenya sehemu za jirani.

Mambo haya mawili huchocheana. MYC huiwezesha seli kuingiza glukosi zaidi, na mazao ya glukosi hiyo hutumika kuweka alama zinazoamua jeni zipi ziendelee kuwashwa.

Haimaanishi kuwa mgonjwa akiacha sukari au kujinyima chakula atapona. Ini hutengeneza glukosi hata mtu asipokula, na mgonjwa aliyedhoofika huyamudu matibabu kwa shida.

Kutoka Ras Kisimani hadi Ocean Road

Hospitali ya Wilaya ya Mafia ipo Kilindoni. Kwa matibabu ya mionzi, mgonjwa huvuka bahari hadi Nyamisati na kuendelea kwa barabara hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road (ORCI), Dar es Salaam, au husafiri kwa ndege. Safari hiyo inahitaji nauli, malazi na siku za kuacha shughuli, hivyo ni rahisi kuiahirisha. Saratani kali haiahirishi kukua. WHO inashauri uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni.

Wananchi wanahimizwa kufika kituo cha afya mara waonapo uvimbe kwenye titi au kwapani, hata usiouma, ngozi ya titi kubonyea, chuchu kuingia ndani au kutoa damu. Uvimbe mwingi si saratani, lakini ni kipimo cha kinyama pekee kinachothibitisha. Saratani ikithibitishwa, mgonjwa aulize majibu ya vipokezi na kuyahifadhi, kwani ndiyo yanayoongoza uchaguzi wa tiba. Wanaume nao, ingawa kwa nadra, hupata ugonjwa huu.