Wichita: Tuzijue Njia Tunazopita

Kila anapokuja mgeni kututembelea hapa Wichita, Kansas, swali lake ni moja: "Hapa kwenu kuna nini?" Anatazama nchi tambarare isiyo na mlima wala bahari, mashamba ya ngano, maghala ya nafaka, na barabara zilizonyooka mpaka macho yachoke. Nasi hujibu kwa haya kidogo: "Kuna kazi." Si uongo, lakini ni jibu la mtu anayelala katika nyumba asiyojua ilijengwa na nani.

Tuanzie pale inapokutana mito miwili, Arkansas na Little Arkansas. Wenyeji hutamka jina hilo karibu sawa na linavyoandikwa, si kama lile jimbo la Arkansas. Kwa mara moja Kiingereza kimetuonea huruma Waswahili. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, miaka ya 1860, watu wa kabila la Wichita walikimbilia hapa kutoka kusini. Wakajenga nyumba zao za nyasi, wakalima mahindi na maboga. Naam, walikuwa wakimbizi, kama walivyo wengi miongoni mwetu waliotoka Kongo. Mwaka 1867 wakarudishwa kusini, katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Wao wakaondoka, jina likabaki. Mji uliandikishwa rasmi mwaka 1870.

Jesse Chisholm, mfanyabiashara mwenye mama Mcherokee na baba wa asili ya Uskoti, alikuwa akipitisha mikokoteni ya bidhaa kutoka hapa kwenda kusini. Alifariki mwaka 1868, na alama za magurudumu yake zikawa njia ya ng'ombe kutoka Texas. Reli ilipofika mwaka 1872, ng'ombe wakawa wanapakiwa hapa kwenda miji ya mashariki, na mji ukajaa fedha, pombe na bastola. Haikudumu. Wakulima walijaa, wakazungushia mashamba yao seng'enge, na kufikia 1876 biashara ya ng'ombe ilikuwa imehamia Dodge City.

Baada ya ng'ombe zikaja ndege. Mwaka 1925 Walter Beech, Clyde Cessna na Lloyd Stearman walianzisha hapa kampuni ya Travel Air, na baadaye kila mmoja akawa na kampuni yenye jina lake. Katika Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Boeing cha hapa kiliunda ndege 1,644 za aina ya B-29. Miongoni mwa wafanyakazi alikuwamo Madelyn Dunham. Binti yake, Stanley Ann, alizaliwa mji huu mwaka 1942, akaja kuolewa na Mkenya, Barack Obama, na mtoto wao akawa Rais wa Marekani kuanzia 2009 hadi 2017. Anayesema Kansas na Afrika Mashariki hazijuani, na aikumbuke nasaba hiyo.

Lakini habari tunayotaka hasa watoto wetu waijue ni ya kiangazi cha 1958. Katikati ya mji, barabara ya Douglas, palikuwa na duka la dawa la Dockum lenye kaunta ya chakula. Mtu Mweusi aliweza kununua, ila hakuruhusiwa kukaa na kula. Julai 19 vijana wa NAACP, wakiongozwa na Ron Walters na Carol Parks, waliingia wamevaa vizuri, wakakaa kwenye viti, wakangoja. Hawakuhudumiwa. Wakarudi tena na tena, hadi Agosti 11 mwenye duka, akiona hasara inamzidi, akakubali. Hii ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mgomo mashuhuri wa Greensboro wa Februari 1960, ambao ndio vitabu vingi huutaja.

Sasa tuzungumzie barabara tunayoipita kila siku kwenda kazini: I-135, sehemu iitwayo Canal Route kwa kuwa imefuata mfereji wa maji. Ilipojengwa katika miaka ya 1970 ilikata katikati ya makazi ya Wamarekani Weusi upande wa kaskazini-mashariki, mtaa wa McAdams ukiwamo. Nyumba zilibomolewa, majirani wakatenganishwa. Sisi tunasifu kwamba haina foleni. Wapo wazee wanaokumbuka kilichokuwapo pale kabla ya nguzo za zege.

Basi mgeni akija tena, tusimpeleke dukani tu. Tumpeleke kwenye bustani ndogo ya Chester I. Lewis, barabara ya Douglas, akaone sanamu za shaba za kaunta ile. Kisha twende penye makutano ya mito, iliposimama sanamu ya chuma ya Mlinzi wa Nyanda, urefu wa futi 44, kazi ya Blackbear Bosin, msanii wa asili ya Kiowa na Comanche, iliyozinduliwa mwaka 1974. Imeinua mikono kuelekea mbinguni, mahali pale pale walipokuja wakimbizi wa kwanza.

Katika mji huu kila njia mpya ilimleta mtu na kumwondoa mwingine. Sisi tumeletwa. Tunapokaa mgahawani bila kuulizwa kitu, tukumbuke kuna waliokaa kabla yetu wakanyimwa hata maji. Kuwajua ni deni, na deni hulipwa.