Babu yako alizaliwa wapi?

Wasee, tarehe 12 Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itaacha kutoa viza mpya kwa wahudumu wa wazee wanaoajiriwa kutoka nje. Kufikia 22 Julai mlango ulikuwa umefungwa. Hapo katikati ni wiki 10 tu. Hapa Nairobi kulikuwa na watu katikati ya kozi, watu wameshalipa ajenti, watu wamerudia mtihani wa Kiingereza juu mara ya kwanza walikosa alama kidogo. Nikaona wengi wakilia mtandaoni ati haijawahi kutokea sheria ibadilike haraka hivi.

Imewahi. Na waliopatikana walikuwa wakaaji wa hii hii Nairobi. Wao hawakupewa wiki 10, walipewa siku 8. Tena hawakuwa wanaomba viza. Walikuwa na pasipoti za Uingereza mkononi.

Wengi wetu tunajua ya Idi Amin na Wahindi wa Uganda, 1972. Ya kwetu ilitangulia kwa miaka 4 na haizungumzwi sana.

Uhuru ulipokuja 12 Desemba 1963, katiba iliweka mambo hivi: ukiwa umezaliwa Kenya, na mzazi wako mmoja pia amezaliwa Kenya, wewe ni raia moja kwa moja. Wakaaji wengine walipewa miaka 2 ya kujiandikisha. Wahindi wengi (tunawaita hivyo wote, hata ambaye kwao leo ni Pakistan, lakini tuendelee) waliangukia hilo kundi la pili. Baba alikuja kutoka Gujarat au Punjab, mtoto akazaliwa Ngara, na huyo mtoto bado si raia. Kujiandikisha kulimaanisha kuacha uraia wa Uingereza, kwa sababu Kenya haikukubali uraia wa nchi mbili mpaka katiba ya 2010.

Kuna waliojiandikisha. Kuna waliopeleka maombi kwa wakati na faili zikalala ofisini. Na kuna wengi zaidi waliobaki na uraia wa Uingereza kama akiba. Walisemwa sana kwamba ni watu wa mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mimi siwezi kuwalaumu. Jiulize: serikali ni changa, hujui kesho itakuwaje, una pasipoti ya nchi kubwa, halafu mtu anakwambia uirudishe. Ungeirudisha? Wacha uongo. Ungeificha chini ya godoro.

Sasa tuingie kwa maandishi madogo, kwa sababu hapo ndipo maisha ya watu yalikuwa yamening'inia. Mwaka 1962 Uingereza ilipitisha sheria ya kupunguza wahamiaji kutoka Jumuiya ya Madola. Ukitaka kwenda kufanya kazi, lazima uwe na vocha. Lakini sheria haikumgusa mtu ambaye pasipoti yake imetolewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Kabla ya uhuru, pasipoti za hapa zilitolewa na serikali ya koloni la Kenya, kwa hivyo wenye nazo walizuiwa. Baada ya uhuru hakukuwa na koloni tena. Pasipoti ikaanza kutoka ubalozi wa Uingereza, kwa niaba ya London moja kwa moja. Mtu ni yule yule, duka ni lile lile la Biashara Street, lakini sasa angeweza kupanda ndege Embakasi, ashuke Heathrow, na asiulizwe vocha. Uhuru wa Kenya ndio ulimfungulia mlango wa Uingereza. Ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu 1967 serikali ya Kenyatta ikaleta sheria 2. Ya uhamiaji ilisema asiye raia lazima awe na kibali cha kazi, na kibali hakitoki kama yuko Mkenya wa kuifanya hiyo kazi. Ya leseni za biashara ilimfungia asiye raia maeneo kadhaa na bidhaa kadhaa. Naelewa zilitoka wapi. Wakoloni walikuwa wamepanga nchi kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na uhuru ambao haugusi huo mpangilio ungekuwa uhuru wa bendera tu. Lakini sheria haikuchagua tajiri. Ilimwangukia karani, fundi seremala, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa mshahara wa kawaida aliyezaliwa hapa na hajawahi kuona Bombay.

Watu wakaanza kuondoka. Kule London nako kelele zikaanza. Enoch Powell na Duncan Sandys, wabunge wa Conservative, wakataka mlango ufungwe. Huyu Sandys ndiye alikuwa Waziri wa Makoloni Kenya ilipopata uhuru! Kila walipopiga kelele zaidi, ndivyo watu hapa walivyoharakisha, na kila ndege iliyojaa ikawapa sababu ya kupiga kelele tena. Februari 1968 tiketi zikawa shida. Waliokosa ndege ya moja kwa moja walizungukia miji mingine, bora wafike kabla sheria haijapita.

Tarehe 22 Februari, James Callaghan, Waziri wa Mambo ya Ndani wa serikali ya Labour, akatangaza mswada. Ndani ya baraza la mawaziri, George Thomson, aliyeshughulikia Jumuiya ya Madola, alikuwa ameonya kwamba huo ni ubaguzi wa rangi waziwazi. Wakapita naye. Iain Macleod, aliyesimamia mazungumzo ya Lancaster House mwaka 1960, akamwandikia Sandys barua ya wazi akisema ahadi ilitolewa na lazima itimizwe. Sandys akakana. Bunge likaanza kujadili tarehe 27, baraza la juu likakesha, na Ijumaa tarehe 1 Machi ikawa sheria. Mwaka wenyewe ulikuwa mrefu, Februari ilikuwa na siku 29, kwa hivyo wengine walipata siku moja ya bure ya kukimbia.

Sheria haikutaja rangi popote. Ilisema tu kwamba pasipoti ya Uingereza haitoshi tena kuingia, mpaka wewe, mzazi wako, au babu au nyanya yako awe amezaliwa Uingereza au amepata uraia huko. Soma tena. Mzungu wa Nakuru aliyezaliwa Kenya, hajawahi kuishi London hata wiki, babu yake alizaliwa Yorkshire: anapita. Mhindi wa Ngara mwenye pasipoti kama hiyo, babu yake alizaliwa Gujarat: anabaki. Hakuna neno baya hata moja kwenye karatasi, na kila mtu alijua nani amelengwa.

Waliobaki waliwekewa vocha 1,500 kwa mwaka, tena kwa mkuu wa familia, na kwa kawaida mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa mkuu. Fikiria ndugu wawili wa nyumba moja. Mmoja alipata kiti Alhamisi, mwingine akasema acha nimalize kuuza vitu vya duka, nitaenda wiki ijayo. Kenya kibali chake kinaisha, Uingereza haimtaki. Kuna walioruka hivyo hivyo bila vocha, wakarudishwa, na wengine wakazungushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine kwa sababu hakuna nchi iliyokubali washuke.

Baadhi walipeleka malalamiko Strasbourg, kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 1973 tume ikakubaliana nao: kumbagua mtu kwa rangi kwa namna hiyo ni kumdhalilisha. Ripoti hiyo haikuchapishwa hadharani mpaka 1994. Miaka 21 ikikaa kabatini. Na mlango wenyewe ulifunguliwa lini? Tarehe 30 Aprili 2003, sheria mpya ilipoanza kuwaruhusu wale ambao hawakuwa na uraia mwingine wowote wajiandikishe kuwa raia kamili. Kijana aliyekuwa na miaka 25 siku zile za Embakasi alikuwa sasa na miaka 60.

Ndio maana nikisikia mtu akisema "fuata utaratibu tu, utafika", nauliza utaratibu wa tarehe gani. Wale walikuwa wamefuata. Makosa yao yalikuwa kuamini kwamba karatasi ni ahadi. Hata 2025, waliokuwa tayari Uingereza walipewa muda mpaka Julai 2028 wa kuhamia kwenye hiyo viza ya wahudumu wakiwa huko huko. Wewe uliyekuwa bado kwa kozi Nairobi hukupewa hata siku moja. Ajenti wako alikuonyesha picha za nyumba na mishahara. Alikuonyesha kifungu cha tarehe ya kuanza? Alikwambia pesa zako zitarudi vipi kifungu kikibadilika? Uliza hayo kabla hujatoa shilingi, na uliza kwa maandishi.

Na lile swali la babu halijafa. Kuna viza ya ukoo ya Uingereza, na Mkenya anaweza kuiomba leo, kwa kuwa sisi ni Jumuiya ya Madola. Ni ya miaka 5. Hutakiwi kuwa na mwajiri wa kukudhamini, wala huulizwi mshahara wa pauni 41,700 ambao wengi wa viza ya ujuzi wanaulizwa sasa. Unachotakiwa ni uthibitisho kwamba unaweza na unataka kufanya kazi, kwamba utajilipia maisha, na cheti cha kuzaliwa cha babu au nyanya aliyezaliwa Uingereza.

Wangu alizaliwa Mwingi, na cheti hakuna.