Osgiliath

Osgiliath ni jiji la kubuni katika maandishi ya J. R. R. Tolkien (1892–1973), mwandishi wa Uingereza. Ndilo lililokuwa mji mkuu wa kwanza wa ufalme wa Gondor, lakini msomaji wa The Lord of the Rings (1954–1955) hulikuta limekwisha kuwa mahame yanayopiganiwa.

Masimulizi yanaeleza kwamba Gondor iliasisiwa mwaka 3320 wa Enzi ya Pili, baada ya kisiwa cha Númenor kuzama baharini. Ndugu wawili walionusurika, Isildur na Anárion, waliitawala pamoja, na viti vyao vya enzi viliwekwa ubavu kwa ubavu katika ukumbi mkuu wa Osgiliath. Jiji lilienea kingo zote mbili za mto Anduin. Daraja la mawe lililoziunganisha lilibeba minara na nyumba, na merikebu kubwa zilipanda mto kutoka baharini hadi kwenye magati. Humo pia lilitunzwa palantír kuu, mojawapo ya mawe saba ya kuonea mbali, zito kiasi kwamba mtu mmoja hakuweza kuliinua.

Wengi hudhani Mordor, nchi adui ya Gondor, ndiyo iliyoliua jiji hili. La hasha, Mordor ilikuta kazi kubwa imekwisha kufanyika, na iliyoianza ni Gondor yenyewe. Mfalme Valacar alioa binti wa Watu wa Kaskazini, na mwanawe Eldacar alipokirithi kiti, baadhi ya wakuu walimkataa kwa sababu ya asili ya mama yake. Mmoja wao, Castamir, akamzingira mfalme huko Osgiliath. Mwaka 1437 wa Enzi ya Tatu jiji likachomwa moto, mnara wa kuba ukabomoka, na palantír likapotelea mtoni. Eldacar alikimbilia kaskazini, akarudi miaka kumi baadaye na kumwua Castamir.

Kisha, mwaka 1636, ikaja tauni. Ilimwua Mfalme Telemnar na watoto wake wote, na miongoni mwa raia waliokimbilia Ithilien na mabonde ya magharibi, wachache tu walikubali kurudi. Mwaka 1640 mrithi wake, Tarondor, akayahamishia makao ya mfalme Minas Anor, mji ulioitwa Minas Tirith baadaye. Daraja la mawe lilivunjwa katika vita vya mwaka 2475, na mwaka 3018 daraja la mwisho nalo likaangushwa. Miongoni mwa kikosi kilicholilinda walinusurika wanne kwa kuogelea, wakiwemo wapiganaji wa Gondor Boromir na nduguye Faramir.

Katika filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2002, Faramir anawapeleka wahusika wakuu Frodo na Sam Osgiliath kama mateka. Katika riwaya anawaachia huru Ithilien. Filamu inaonyesha magofu. Anayetaka kujua yalivyotokea na asome Kiambatisho A, mwishoni mwa juzuu ya tatu.