Fotokopi ya Sydney: vitabu vya kujua kompyuta toka chini, na namna ya kuvichagua

Wandugu wasomi, leo niko na habari ya maji iliyomwagika, na ya vitabu.

Mwaka jana tulikuwa na kitalu cha miche ya kahawa, na juu yake tanki ya maji ya litre 1,000. Nikasema mimi ni kijana wa sasa, kitalu kitajimwangilia chenyewe. Nikanunua kadi ya Arduino Uno, kipima-maji chenye gurudumu ndogo ndani yake, na vali ya umeme. Kazi ilikuwa rahisi: gurudumu likizunguka, kadi inahesabu, hesabu ikifika 40,000, ni kusema karibu litre 90 zimepita, vali inafunga. Mchana nilijaribu na hesabu ndogo ya 5,000, ikafunga vizuri sana. Jioni nikaweka 40,000, nikaenda kulala na moyo mweupe. Asubuhi tanki ilikuwa tupu. Maji yote ilipita ku miche, udongo wa juu ulikwenda nayo, na karibu nusu ya miche ilikuwa imelala mu matope.

Nilitafuta kosa siku tatu. Video zote nilizofuata zilinionyesha namna ya kuunganisha nyuzi. Hakuna hata moja iliyoniambia kwamba, ku kadi ile, namba ya aina ya int iko na biti 16 tu. Biti moja inashika alama ya chini ya sifuri, zinabaki 15, kwa hiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuingia ni 32,767. Ukiongeza moja tu, hesabu inaruka paka -32,768 na kuanza kupanda tena. 40,000 haingefika hata kama ningengoja mwaka muzima.

Rafiki yangu aliyesoma informatike aliniambia: «Wewe unajua kuandika programu, lakini mashine iliyo chini yake hauijui.» Alisema kweli. Sisi wa agronomi, mutu akituambia udongo ni muzuri, hatumwamini kwa kuangalia majani. Tunachimba shimo, tunashuka ndani, tunasoma tabaka moja moja paka chini. Ku kompyuta mimi nilikuwa ninaangalia majani tu.

Basi nikamuuliza: nisome kitabu gani? Akanitajia vitabu saba kwa mara moja. Mutu anayelipa fotokopi kwa ukurasa hawezi kununua saba. Ndipo nikaanza kutafuta historia ya vile vitabu, ili nijue kila kimoja kilizaliwa juu ya nini. Nilichopata kilinisaidia kuchagua, na leo ninawaletea.

Tuanzie Sydney, Australia, mwaka 1976. Mwalimu mumoja wa University of New South Wales, jina lake John Lions, alikuwa anafundisha namna sisteme ya kuendesha mashine inavyofanya kazi. Wakati ule Unix ilikuwa bado changa. Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wameianza mwaka 1969 ku Bell Labs, Marekani, na mwaka 1973 iliandikwa upya mu lugha C. Universite nyingi zilipewa maandishi yote ya programu ile kwa masomo. Lions akafanya kitu cha kawaida kabisa, kile ambacho maprofesa wetu wanafanya kila mwaka: alitengeneza silabusi.

Silabusi yake ilikuwa na vitabu viwili vidogo. Cha kwanza kilikuwa na kode ya kiini cha Unix, toleo la sita, karibu mistari 9,000, na kila mustari na namba yake. Cha pili kilikuwa maelezo: mustari huu unafanya nini, ule unaitwa na nani, hapa waandishi walifikiri nini. Mwanafunzi aliweza kubeba sisteme nzima mu mfuko wake na kuisoma toka mustari wa kwanza paka wa mwisho. Kwa mara ya kwanza wanafunzi wengi walisoma mashine inayofanya kazi kweli, jinsi mutu wa sheria anavyosoma hukumu za kweli.

Kisha mulango ukafungwa. AT&T, kampuni iliyokuwa na Bell Labs, ilianza kuona kwamba Unix inaweza kuleta feza. Mwaka 1979, toleo la saba likatoka na mkataba mupya: kode ile haiwezi tena kufundishwa mu darasa. Kitabu cha Lions kikabaki kwa wale tu waliokuwa na ruhusa ya kampuni. Wanafunzi walifanya nini? Wandugu, munajua jibu. Walifanya fotokopi. Halafu fotokopi ya fotokopi, paka herufi zikafifia. Karibu miaka 20 kitabu kile kilitembea hivyo, mukono kwa mukono, dunia nzima. Ruhusa ya kukichapa wazi ilikuja mwaka 1996 tu. Lions aliona siku ile; alikufa mwaka 1998.

Niliposoma habari hii nilifikiria silabusi zetu: ile ya mukubwa wako wa promosyo iliyopita, yenye kurasa tatu zinazokosekana na alama za kalamu ya mutu usiyemujua. Kumbe hata watu wanaotengeneza mashine za leo walipita njia ile.

Lakini fungo lile lilizaa kitu kingine. Ku Amsterdam, Uholanzi, profesa Andrew Tanenbaum alikuwa anafundisha na Unix. Kode ikakatazwa, naye hakutaka kufundisha sisteme kwa maneno matupu. Akakaa chini, akaandika sisteme yake mwenyewe, ndogo, ya kufundishia, akaiita MINIX. Mwaka 1987 akatoa kitabu chake, na nyuma ya kitabu akachapa kode yenyewe, karibu mistari 12,000. Ilitembea ku kompyuta ndogo ya IBM PC ambayo mutu aliweza kuwa nayo nyumbani.

Mumoja wa waliosoma kitabu kile alikuwa mwanafunzi wa Helsinki, Finland: Linus Torvalds. Mwaka 1991 alinunua kompyuta, akaweka MINIX, akaanza kuandika kiini chake mwenyewe. Mwezi wa nane mwaka ule, akiwa na miaka 21, akatangaza kazi yake kwa wasomaji wenzake wa MINIX. Hiyo njo Linux. Mwaka uliofuata Tanenbaum alimwambia mbele ya watu wote kwamba umbo la Linux limezeeka tayari, wakabishana kwa nguvu. Lakini Torvalds mwenyewe alisema baadaye kwamba kitabu cha Tanenbaum ndicho kilichogeuza maisha yake. Leo simu ya Android iliyo mu mukono wako inatembea na kiini cha Linux. Kitabu kimoja, mwanafunzi mumoja aliyekisoma paka mwisho, na mashine ndogo ya kujaribia.

Hapa njo niliona kanuni ya kwanza ya kuchagua: kitabu kizuri cha mambo ya chini kinakupa mashine ndogo, nzima, ambayo unaweza kuifungua yote. Ukubwa wa kitabu hausemi kitu. Kitabu cha lugha C cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, kilichotoka mwaka 1978, kilikuwa na kurasa 228 tu, na wengi wamejifunza C kwacho paka leo, ku toleo la pili la mwaka 1988.

Na sasa munisikilize vizuri. Mu sura ya pili ya kitabu kile, toka 1978, imeandikwa kwamba int haina upana mumoja ku kila mashine, na kwamba ku mashine ya PDP-11 ni biti 16. Biti 16! Sawa na kadi yangu ya Arduino. Jibu la miche yangu lilikuwa limechapwa kabla wazazi wangu hawajaoana.

Kuna pia njia ya pili, ya watu wasiotaka kutengeneza sisteme lakini wanaandika programu juu yake. Mwaka 1998, ku Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, Randal Bryant na David O'Hallaron walianzisha somo la namna hiyo. Zamani masomo ya kompyuta toka ndani yalipangwa kama vile kila mwanafunzi atakuwa mutengenezaji wa mashine. Wao wakageuza swali: muandishi wa programu anapaswa kujua nini kuhusu mashine, ili programu yake isimudanganye? Kitabu chao, Computer Systems: A Programmer's Perspective, kilitoka mwaka 2003. Kinaanza na namba: biti, alama, na hesabu inavyoruka ikijaa. Kati ya mazoezi yake kuna moja linaloitwa bomu: unapewa programu iliyofungwa, na unapaswa kusoma maagizo ya prosesa moja moja ili uizime bila kulipuka. Ni kitabu cha nguvu, lakini kinapita kurasa 1,000. Usikianze bila kujua C.

Ku MIT pia walirudia njia ya Lions. Walikuwa wanafundisha na kitabu chake na Unix ya toleo la sita, lakini PDP-11 ilikuwa imezeeka, wanafunzi hawakuwa nayo tena. Mwaka 2006 wakaandika upya sisteme ile kwa mashine za leo, wakaiita xv6. Kode yake na kitabu chake vinatolewa bure. Karibu miaka 30 kisha ya Sydney, ile fotokopi iliyofichwa imezaa mutoto anayetembea wazi. Wandugu, tusisahau hilo: leo kwa somo hili hatuna lazima ya kuiba kitabu cha mutu. Vizuri vingi viko bure kwa ruhusa ya waandishi wenyewe.

Basi, kwa mutu wetu mwenye feza kidogo, mimi ningepanga hivi.

Kama hauna kompyuta, au umeme kwenu unakuja mara kwa mara, anza na Code ya Charles Petzold, ya mwaka 1999. Kinaanza na marafiki wawili wanaozungumza usiku kwa tochi, kisha waya, kisha swichi, paka kompyuta nzima inasimama mbele yako. Kinasomwa hata na taa ya mafuta.

Kama uko na kompyuta na unapenda kujenga, chukua The Elements of Computing Systems ya Noam Nisan na Shimon Schocken, ya mwaka 2005. Mu kazi 12 unajenga kompyuta yako toka mulango mumoja wa mantiki paka programu za juu. Vifaa vyake ni bure.

Kisha C ya Kernighan na Ritchie, polepole, na mazoezi yote. Iko na tafsiri ya Kifaransa, sawa na vitabu vya Tanenbaum kuhusu sisteme. Nyuma yake, Operating Systems: Three Easy Pieces ya Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau, ambayo waandishi wameiweka bure sura kwa sura, na pembeni yake xv6. Kile kikubwa cha Pittsburgh kingoje. Na The Art of Computer Programming ya Donald Knuth, iliyoanza kutoka mwaka 1968, ni mulima wa kupanda kisha ya miaka. Usiichape juu ya jina tu.

Vingi kati ya hivi viko mu Kiingereza. Tunasoma Kifaransa shuleni, tunabishana mu Kiswahili, sasa tena Kiingereza! Ninajua uzito wake. Mimi na wenzangu wawili tunasoma sura moja kwa juma: kila mutu anaeleza sehemu yake mu Kiswahili, na asiyeweza kuieleza anarudi kuisoma.

Mudogo wangu wa promosyo ya kwanza aliniuliza juzi: «Yaya, niko na dola 20 ya fotokopi. Nichape nini?» Nilimwambia achape kitabu kimoja tu, kile chenye mwisho anaoweza kufika, na feza itakayobaki anunue daftari ya mazoezi. Lions hakuwapa wanafunzi wake maktaba. Aliwapa vitabu viwili vidogo na mistari 9,000.

Miche tumepanda tena. Hesabu sasa ni ya aina ya long, biti 32, na vali inafunga. Lakini ninalala na redio karibu na kitalu, kwa usalama.

Na wewe, kitabu gani umekisoma kweli paka ukurasa wa mwisho?