Mkono wa Laocoön: Nakshi za Shaba na Sanamu za Kale za Roma

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kumsikia mwanafunzi akiihakiki riwaya ambayo hajaifungua, kisa na maana ameusoma mwongozo. Hali hiyo si ngeni katika historia ya sanaa. Katika karne ya 16, Wazungu wengi walizijua sanamu za kale za Roma kwa njia iyo hiyo: hawakuziona zenyewe, waliona chapa zake.

Mtazame Laocoön, kuhani wa Troya anayesongwa na nyoka pamoja na wanawe wawili. Sanamu hiyo ya marumaru ilifukuliwa katika shamba la mizabibu mjini Roma mnamo Januari 1506. Giuliano da Sangallo aliitambua papo hapo kwa kuwa Pliny, mwandishi wa Kirumi, alikuwa ameitaja. (Hapo kitabu kililitangulia jembe, wala sisemi hivi kwa kulipendelea somo letu!) Papa Julius II akainunua, ikawekwa Belvedere, Vatikani. Waliobahatika kufika huko waliiona. Wengine je?

Hapo ndipo anapoingia mchonga nakshi. Alichora mistari kwenye bamba la shaba kwa kalamu ya chuma, akalipaka wino, akaufuta ubaki mifuoni tu, kisha akalipitisha mtamboni pamoja na karatasi iliyoloweshwa. Bamba moja lilitoa mamia ya nakala. Zingatia kwamba picha hutoka imegeuka kama kiooni. Asiyekumbuka hilo humshikisha shujaa upanga kwa mkono wa kushoto. Tena marumaru haina mistari. Kivuli na misuli vilibidi vibuniwe kwa mistari inayokatana, na kwa hivyo mchongaji alikuwa mhakiki, apende asipende.

Marco Dente, wa kundi la Marcantonio Raimondi, alimchonga Laocoön kama alivyopatikana, bila mkono wa kulia, na nyuma yake ukuta uliobomoka. Kwa maoni yangu huo ni uaminifu wa kupigiwa mfano, maana kishawishi cha kuijaza pengo hiyo kilikuwa kikubwa. Katika miaka ya 1530 Montorsoli aliiongezea sanamu mkono ulionyooka juu, na chapa za baadaye zikaueneza kana kwamba ndio wa asili. Mapema katika karne ya 20, Ludwig Pollak alipata mjini Roma mkono wa marumaru uliokunjwa kuelekea nyuma ya kichwa. Wataalamu waliukubali baadaye, ukaunganishwa katika miaka ya 1950. Kwa karne kadhaa, basi, chapa ya Dente ilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko sanamu yenyewe!

Hendrick Goltzius, Mholanzi aliyezuru Roma mnamo 1591, alichagua njia nyingine. Alimchonga Hercules wa Farnese kwa nyuma: mgongo mpana, na matufaha yaliyofichwa katika kiganja. Chini kabisa, wanaume wawili wamemkodolea macho. Wao wanauona uso wa Hercules. Sisi tunaziona nyuso zao.